Mwanamke wa Mkebeni

Itiryo,
27 Mei 1956

Mume wangu Heche,

Nakusalimu. Mimi mzima, mama yako mzima, ng'ombe wazima, hata yule ndama aliyevimba tumbo amepona. Kama kuna mgonjwa katika boma hili ni moyo wangu, na aliyeuumiza unamjua.

Juzi alipita Waitara, binamu yako, akitoka kununua ng'ombe huko Nyansurura. Nikamkaribisha uji, nikamwuliza kama amekuona. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nimemwona, shemeji. Hajambo sana. Ana mwenzake wa kumliwaza." Nikamwuliza mwenzake gani. Akainamia uji kama mtoto aliyeiba sukari. Nikachukua fimbo yake nikaikalia, nikamwambia hatoki hapa mpaka aseme.

Basi akasema. Eti siku za sinema, watu wakishakaa na mashine ikianza kunguruma, kuna mahali sauti yako inabadilika. Eti kuna mwanamke unaongea naye, na yeye anakuita mume, mbele ya watu wote. Waitara alikuwa nyuma kabisa na ng'ombe wake, hakuona vizuri, lakini alisikia kwa masikio yake: "Umekuja, mume wangu?" Na kesho yake asubuhi hukumsalimia mtu. Ulikaa ndani ya gari umejifunika koti.

Heche, usinifanye mjinga. Baba aliponiozesha kwako, watu wa Genkuru walimwambia kwamba mtu wa gari la sinema hana kwake, kila kijiji ana chungu kinachomsubiri jikoni. Nikawaziba midomo. Leo wakisikia haya nitaweka wapi uso wangu?

Mwaka wa pili sasa nalala katika nyumba ya marehemu mke mwenzangu. Kibuyu chake cha maziwa kinaning'inia ukutani juu ya kichwa changu, na mama yako hataki nikiguse hata kukipangusa vumbi. Hayo nimeyavumilia, kwa sababu aliyekufa hawezi kunidhuru. Lakini aliye hai, mwenye mdomo wa kukuita mume, huyo simvumilii hata kidogo.

Wimbi linakaribia kuiva. Ukija tukavuna pamoja, tutaongea. Likiingia ghalani bila wewe, utanifuata Genkuru kwa baba, na habari ya ng'ombe wa mahari mtaijua wenyewe wanaume.

Mkeo (mpaka sasa),
Kezia


Nyansurura,
9 Juni 1956

Mke wangu Kezia,

Barua yako imenikuta chini ya gari, miguu yangu nje na uso wangu umejaa grisi. Nimeisoma hapo hapo. Nashoni, dereva wetu, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimeandikiwa na mke wangu. Akasema afadhali ningekuwa nimefiwa kwa jinsi ninavyotoka jasho.

Waitara ni mtu wa kuuza ng'ombe, na muuza ng'ombe humwongezea mnyama uzito hata akiwa mifupa mitupu. Sikiliza kazi yangu ilivyo, maana naona sijawahi kukueleza vizuri. Tunafika mahali, tunafunga shuka jeupe kati ya miti miwili, Nashoni anawasha jenereta na mashine. Picha zinatembea lakini hazina maneno ya kueleweka kwa watu wetu. Mimi nasimama kando ya shuka na kipaza sauti, nawasemea wote. Akitokea daktari, mimi ni daktari. Akitokea mwizi wa kuku, mimi ni mwizi wa kuku, na watu wananizomea. Akitokea mwanamke, nalainisha sauti kidogo. Ndicho alichosikia Waitara. Ni mwanamke wa kwenye picha, wa mbali huko, hata jina lake silijui.

Barabara ni mbaya. Tunalala kwenye vyumba vya shule, tunakula viazi asubuhi na viazi jioni. Hapo mwanamke wa kuniliwaza angenikuta na tumbo gani? Mwalimu Simioni, mwenyeji wetu, ndiye mwenzangu wa pekee, naye anakoroma.

Kuhusu mavuno nitaomba ruhusa. Mwambie mama shikamoo yangu.

Mumeo,
Heche


Itiryo,
21 Juni 1956

Mume wangu,

Nimeisoma barua yako, nikacheka pale pa mwizi wa kuku, kisha nikakasirika kwa sababu nimecheka. Unajua kunichekesha. Ndivyo ulivyonipata.

Sasa nisikilize. Regina, mke wa katekista wetu mpya, alikwenda Nyansurura kwenye harusi ya dada yake. Regina si Waitara. Ni mtu wa sala, haongezi neno wala hapunguzi. Yeye alikaa mbele, akaiona hiyo picha yenu ya maziwa safi tangu mwanzo mpaka mwisho. Anasema mwanamke wa kwenye picha si wa mbali. Ni Mkurya kama mimi. Anasema ni mzuri, ana mwanya, shingo ndefu, na akitembea na kibuyu chake hakitikisiki. Nilimwuliza maswali mengi kuhusu hiyo shingo mpaka akanionea huruma.

Halafu akaniambia jambo ambalo tangu nilisikie sijala nikashiba. Huyo mwanamke anapokwenda kukamua, wewe unamsemea akimwita ng'ombe: "Nyabura, Nyabura, simama mama." Heche! Nyabura ni ng'ombe wetu. Nimemkamua leo asubuhi. Mwanamke wa mbali usiyemjua jina, amelijuaje jina la ng'ombe wa boma langu?

Nimeshajua. Ulimpata huko huko kwenye kupiga picha, mkazoeana, ukamsimulia mambo ya kwako hadi majina ya mifugo. Mimi hujanisimulia hata unakolala. Umempa ng'ombe wangu amwite mbele za watu, na mimi umenipa wimbi la kuvuna peke yangu.

Niambie anaitwa nani na anakaa wapi. Nikifika kwake sitamwuliza habari za asubuhi.

Kezia


Nata,
4 Julai 1956

Kezia mke wangu,

Nimeanza barua hii mara kadhaa na kuichana. Nashoni amechoka kuniazima karatasi.

Anaitwa Mokami. Anakaa kushoto mwa mlango wa zizi letu, pale unapopita kila asubuhi na ndoo.

Mwaka mmoja kabla hajafa, watu wa picha walikuja Itiryo na gari lao. Walitaka mwanamke msafi wa kuonyesha jinsi ya kukamua na kufunika maziwa, mzee wa kijiji akawaonyesha kwetu. Mimi sikuwepo, nilikuwa Musoma najifunza ukarani. Wakapiga picha zao wakaondoka, na Itiryo hawakuziona tena. Mvua zilizofuata akashikwa na homa. Habari za ugonjwa wake zilinipata wakati mto Mara umejaa, kivuko hakifanyi kazi. Nilikaa ng'ambo nikitazama maji. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshazikwa, waombolezaji wamenyolewa na kutawanyika. Mama alinijia na wembe, nikakataa. Nilisema, nitanyolewa vipi kwa ajili ya mtu ambaye sikumwona akifa? Nilipokwenda Musoma nilimwacha akiwa hai, na kichwani mwangu hai akabaki.

Baadaye nikasikia kwamba ile picha ipo Musoma, kwenye mkebe, na gari linahitaji msemaji. Kezia, sikuomba kazi hii kwa sababu nyingine. Kila tunapoonyesha maziwa safi namwona akitoka mlangoni. Anamkamua Nyabura, anafunika kibuyu, halafu karibu na mwisho anageuka anatabasamu. Pale anapotabasamu hakuna somo lolote, ni uso wake tu. Nikaona ni pakavu bila maneno. Nikamsemea alilonidai: "Umekuja, mume wangu?" Maana nilichelewa, na hakuna aliyeniuliza.

Mwaka jana gari lilipofika Itiryo nilisema mkanda umeharibika, tukaonyesha ule wa pamba. Sikutaka mama auone. Sikutaka wewe uuone. Nilidhani nakuonea huruma, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa mchoyo.

Sijakuvunjia ndoa na mtu aliye hai. Hilo naliapa.

Heche


Itiryo,
13 Julai 1956

Heche,

Unaapa kwamba si mtu aliye hai, kana kwamba umenipa dawa. Afadhali angekuwa hai! Aliye hai ningemngojea sokoni, ningemvuta kitambaa, tungetukanana, watu wangetuamulia, yangeisha. Huyu nimfanyeje? Mimi mikono inapasuka kwa jembe, nakohoa moshi, mwakani nitakuwa nimezeeka mwaka. Yeye kila jioni anatoka mlangoni vilevile. Maziwa yake hayachachi. Hajawahi kukununia. Hakuandikii barua kama hizi.

Naona wivu. Nimeliandika, lisome vizuri. Nimemwonea wivu mtu ambaye kaburi lake ndilo nafagia mimi. Jana nilipopita pale zizini na ndoo nilisimama nikamwambia, "Mwenzangu, una mji mzima wa wafu, unataka nini tena barabara ya Nyansurura?" Kisha nikaona haya, nikamwagia maji ua lililoota pale.

Na ulipokuwa ukija nyumbani likizo, ukikaa nje mpaka jua linazama ukitazama mlango, nikidhani unanisubiri nitoke, ulikuwa unamsubiri nani? Usijibu. Ninayo akili.

Mimi sishindani na kivuli nisichokiona. Mlete. Leteni gari Itiryo, fungeni shuka lenu hapa, nimwone huyo mwenye shingo kwa macho yangu. Ukifanya hivyo kabla wimbi halijaingia ghalani, nitakuwepo. Usipofanya, endelea kulala na mkebe wako.

Kezia


Ikoma,
25 Julai 1956

Mke wangu,

Uliloomba ni gumu. Nitakuambia kwa nini, nawe unitukane ukitaka.

Hapa barabarani ni wangu peke yangu. Watu wa Ikoma wanaona mwanamke na maziwa. Nikimleta Itiryo kila mtu atakuwa na neno lake. Huyu atasema alimwazima kisu, yule atasema walichanja kuni pamoja, mama atalia. Watamgawana, mimi nitabaki na nini? Nimezoea kukaa naye hivi. Ni upweke, lakini ni upweke wetu wawili.

Na kuna jingine. Mkanda unachakaa. Kila ukipita mashine unakwaruzika. Huko Nata ulikatika, Nashoni akakata kipande kilichoungua akaunganisha. Sasa Mokami akitoka mlangoni hakanyagi ile hatua ya kwanza, anajikuta yuko uani. Nashoni aliniambia bila kunitazama, "Bwana, ukitaka adumu, acha kumwonyesha." Nilijua. Namla mwenyewe kidogo kidogo, na siachi. Usiku ule sikumwonyesha, kesho yake nikamwonyesha.

Niache kidogo, Kezia. Labda baada ya mavuno.

Heche


Itiryo,
2 Agosti 1956

Heche,

Haya si maneno yangu. Nilimsomea mama barua zako, zote. Ndiyo, nimekusaliti, na ungekuwa karibu ungenipiga kelele. Alisikiliza akipepeta wimbi, hakuacha hata mara moja. Kisha akasema kwa Kikurya, na mimi nayageuza kwa Kiswahili kama wewe unavyowageuza watu wa picha, ila mimi siongezi langu:

"Mura, mwanangu, namwambia mtoto huyu aandike vizuri. Mimi ndiye niliyemshika Mokami kichwa. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Wewe ulikuwa ng'ambo ya mto, sikulaumu, mto haukuumbwa na wewe. Lakini nilinyolewa bila wewe, na nyumba hii imekaa na msiba ambao haujafungwa kwa sababu mwenye mke anatembea na nywele zake. Umenificha uso wa binti yangu miaka yote hii? Watu wa Nata wamwone, wa Ikoma wamwone, na mimi niliyempikia uji wa mwisho nisimwone? Nani amekufundisha uchoyo huo? Mlete nyumbani. Na wembe ule ule ninao."

Amemaliza. Alipomaliza akainuka akaenda zizini bila shughuli yoyote huko.

Sasa langu. Nilidhani katika boma hili mwenye wivu ni mimi peke yangu. Tumekuwa wawili, na yeye amenitangulia. Wimbi limebaki sehemu ndogo. Navuna polepole, Heche. Sijui nitapunguza mwendo mpaka lini bila watu kuniona mvivu.

Kezia


Genkuru,
3 Septemba 1956

Kezia mke wangu,

Tumelala kwenu Genkuru. Baba yako amenisalimia, akanitazama kichwa, akaguna, akanipa kigoda. Nimeshukuru kwamba nimekuja kama mgeni wa sinema, si kama mkwe anayemfuata mkewe aliyekimbia.

Najua ulikuwepo jioni ile tulipomwonyesha Itiryo. Ulikaa mstari wa mbele na mama, umekunja mikono kama mtu aliyekuja kumshtaki mtu. Lakini hukuona nilichokiona mimi nikiwa kando ya shuka. Nilikuwa natazama nyuso zenu. Mokami alipotoka mlangoni umati wote ulipiga kelele, na mama hakupiga. Alisogea mbele tu, akakaa chini karibu na shuka, mwanga ukamwangukia. Nikamwita Nyabura kwa sauti ya Mokami, na Nyabura halisi akaitika zizini. Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, nilikuona, halafu ukakunja uso upesi.

Ikafika pale. Akageuka, akatabasamu. Nikasema yale yangu, "Umekuja, mume wangu?" Na mama, Kezia, mama ambaye tangu nizaliwe sijamsikia akipaza sauti mbele ya wanaume, akanyoosha mkono akasema, "Uongo! Hakusema hivyo!"

Mashine inazunguka, kipaza sauti mkononi kinalia chenyewe. Mama akawageukia watu. "Mimi nilikuwa pale nyuma ya Mzungu aliyepiga picha. Niliogopa lile dude lao, nikarudi nyuma, nikateleza kwenye samadi, nikakaa chini na kibuyu, maziwa yote kifuani. Mokami akanicheka. Alisema, 'Mama, umemwaga tena!' Alikuwa ananicheka mimi!" Akawa anacheka na machozi yanamtiririka, na wanawake waliokuwepo siku ile wakapokea, ni kweli, ni kweli, alianguka.

Nimemsemea mke wangu miaka yote hii maneno ambayo hakuyasema. Tabasamu nililolala nalo kwenye shule zote za barabarani halikuwa langu. Ni la mama. Nilisikia wivu, Kezia, nikauelewa ule wako. Nikakaa chini nikalia kama nilivyotakiwa kulia ng'ambo ya mto.

Asubuhi mama aliponinyoa, wewe ndiye uliyeshika beseni. Nilitaka kukuuliza kama utakuwepo nikirudi, nikaogopa kwa sababu wembe ulikuwa sikioni. Nauliza sasa.

Jana jioni hapa kwenu waliomba maziwa safi. Niliuonyesha mkanda huo. Alipogeuka nikasema, "Mama, umemwaga tena!" Genkuru nzima ikaangua kicheko. Haijawahi kutokea watu wacheke pale. Nikamtazama Mokami akicheka nao, mara ya kwanza nikamwona kama mtu aliyewahi kuwa na siku nzuri bila mimi. Mkebe nimemkabidhi Nashoni aufunge. Siulizi tena umewekwa wapi.

Upepo wa kwenu ni baridi kwa mtu asiye na nywele.

Mumeo,
Heche


Itiryo,
11 Septemba 1956

Mume wangu,

Hiyo Genkuru nzima iliyocheka, wanawake wamo? Taja majina, nawajua wote tangu utotoni, na yule Christina wa karibu na kisima asikusogelee.

Umeniuliza kama nitakuwepo. Wimbi liliingia ghalani wiki ile ile mlipoondoka, nami sikufunga mzigo wowote. Ungekuwa na macho ungejua bila kuuliza. Lakini nitakuambia na jingine. Nilimwona. Ile shingo Regina aliipunguza, ni ndefu kuliko alivyosema. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, na nilikuwa nikiendelea vizuri mpaka alipocheka. Hapo nikatamani ningemjua. Wivu haujaisha, usijidanganye. Umekaa tu, kama mgeni aliyezoea.

Siku tatu baada ya kuondoka kwenu mama alikitungua kile kibuyu ukutani. Alikipangusa na kitambaa chake mwenyewe, akanipa, akasema, "Kakamue." Nikaenda kwa Nyabura, nikakamua. Nikarudi nikitembea kwa maringo, nikitaka kisitikisike kama cha mwenzangu. Nilipofika mlango wa zizi nikakanyaga samadi mbichi, nikaenda chini mzima mzima, na kibuyu, na maziwa, hadi kwenye masikio.

Kibuyu hakikupasuka. Mama alisimama mlangoni akanitazama nilivyoloa. Alinicheka, Heche. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

Hakukuwa na mtu wa kupiga picha. Njoo uone mwenyewe.

Mkeo,
Kezia